Kiti cha Magurudumu: Nani Ashike Usukani?

Ndugu msikilizaji, hebu twende pamoja hadi Mtunda, wilayani Kibiti, katika nchi ya Rufiji. Tuseme yuko mkwezi mmoja ambaye miaka nenda miaka rudi amepanda minazi ya watu kwa malipo ya nazi chache. Siku moja mguu unateleza. Anaponea chupuchupu, lakini uti wa mgongo umevunjika. Miguu haina habari, na mikono imebaki na nguvu ya kidole kimoja au viwili. Majirani wanaokuja kumpa pole wanadhani hatari imepita. La hasha! Adui amebaki, naye si mfupa uliovunjika. Ni kidonda kinachoanza matakoni, mahali ambapo mtu huyu hasikii maumivu.

Mimi na wewe tukikaa kwenye kiti cha basi kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti, tunajisogeza mara kwa mara bila hata kujua. Mwili wenyewe unatuamrisha. Aliyepooza haipati amri hiyo. Nyama inabanwa kati ya mfupa na kiti, damu haipiti, nyama inakufa, na kidonda kinachimba hadi mfupani. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi waliovunjika uti wa mgongo waliuawa na vidonda hivyo na maradhi ya mkojo, si na risasi yenyewe.

Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa yake kubwa haikutoka kwenye chupa. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Watu waliokuwa wakingojewa kufa wakaishi. Na walioishi wakauliza swali jipya: sasa tutaishije, kwa kusukumwa na kugeuzwa na watu wengine hadi lini?

Jibu la kwanza lilitoka Kanada. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti alibuni kiti cha umeme kwa ajili ya askari waliolemaa, kikiongozwa kwa kijiti kidogo cha mkononi. Mwaka 1955 Kanada iliikabidhi Marekani kiti hicho cha mfano. Mwaka 1956 kampuni ya Everest & Jennings ya Marekani ikaanza kutengeneza viti vya umeme kwa wingi.

Lakini, ndugu msikilizaji, kumpeleka mtu anakotaka ni jambo moja. Kumsogeza ndani ya kiti chake ni jambo jingine. Unaweza kuzunguka mji mzima kwa umeme huku kidonda kinapikwa chini yako. Kazi hiyo ya pili ilifanywa na mota nyingine, zilizofungwa chini ya kikalio. Mota inazungusha parafujo ndefu, parafujo inasukuma fimbo, na kikalio pamoja na egemeo vinalala nyuma kwa pamoja, katika viti vingi hadi nyuzi 45 au zaidi. Uzito unahama kutoka matakoni kwenda mgongoni, na damu inapita.

Anayetoa amri kwa mota hizo ni kisanduku cha elektroniki. Mitambo ya zamani ilijua kuwasha na kuzima tu, kama swichi ya taa, na kiti kilishtuka. Zilipokuja transista, na baadaye kompyuta ndogo, umeme ukafundishwa kwenda taratibu. Kiti kikiwa kimelala mno, kisanduku hupunguza mwendo au huzuia magurudumu kabisa, kisije kikapinduka. Asiye na mkono huongoza kwa kidevu, kwa kichwa, au kwa kuvuta na kupuliza pumzi kwenye mrija.

Maana yake nini? Maana yake kazi ya wauguzi wa Guttmann imehamia kwenye kidole cha mgonjwa mwenyewe. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekikalia kiti ndiye sasa anayeamua lini ajisogeze.

Je, kiti hicho kitafaa Mtunda? Umeme wenyewe unazalishwa katika mto huohuo: Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuuingiza katika gridi ya Taifa mwaka 2024. Hoja ngumu zaidi ni mchanga, tope la masika, mafuriko kama yale ya Aprili 2024, na betri zinazochoka. Na kisanduku kikifa, nani atakifungua? Kiti cha msaada kisicho na fundi hugeuka mahali pa kuanikia nguo.

David Constantine, Mwingereza aliyevunjika shingo mwaka 1982, aliliona tatizo hilo. Mwaka 1991 yeye na wenzake walianzisha shirika la Motivation, likabuni viti visivyo vya umeme vinavyoweza kutengenezwa hukohuko vinakotumika. Baadaye, kwa kushirikiana na chuo cha TATCOT cha Moshi, likasaidia kufundisha mafundi wa viti. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo kwamba kiti kimfae mtu na mazingira yake, na kiweze kupatikana na kukarabatiwa nchini mwake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Kilichobaki ni fundi aliye karibu, vipuri, na kiti kilichopimwa kwa mwili wa mhusika. Lakini mkwezi wetu asingojee kompyuta ili ageuzwe usiku wa leo. Ageuzwe kwa saa, ngozi yake ikaguliwe kila siku, awekewe mto mzuri. Na kabla hujamshika, muulize kwanza: nikusogeze wapi? Hapo utakuwa umemkabidhi usukani, hata kabla ya umeme kufika.