Mawindo ya Mwami: Kibira, Rusizi na Wanyama Waliobaki Burundi

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Bugarama huanza kupanda mlima mara tu inapouacha mji. Joto la ziwa linabaki chini, madirisha ya gari yanafungwa, na ukifika Teza unakuta chai iliyotandazwa mlima mzima. Chai inapoishia, miti inaanza ghafla. Hapo ndipo Kibira. Msitu huu wa takriban hekta 40,000 umelala juu ya mgongo wa milima unaogawa maji, mengine yakiufuata Mto Kongo, mengine Nile, na kaskazini unaungana na Nyungwe ya Rwanda. Ndani yake zimeorodheshwa aina 98 za mamalia, sokwe na mbega wakiwemo. Katika nchi ndogo ambayo vilima vyake vimelimwa hadi kileleni, msitu kama huu ulipaswa kuwa umekwisha zamani. Umebaki kwa sababu moja kubwa: ulikuwa mali ya mwami, yaani mfalme.

Wafalme wa Burundi hawakujenga kwa mawe. Boma la mwami lilikuwa la fito, matete na nyasi, limesukwa kwa ustadi, na makao ya kifalme yalihama kutoka kilima hadi kilima, Muramvya na Bukeye zikiwa na heshima ya pekee. Mfalme akifa au akihama, nyumba zilioza. Kilichobaki ni miti mikubwa iliyopandwa kuuzunguka ua, ile ambayo Warundi huiita ibigabiro, na mpaka leo mzee anayejua atakuonyesha mahali alipokaa mtawala fulani kwa kukuonyesha miti tu. Makaburi ya wafalme, huko Kayanza, nayo yalitunzwa na koo maalumu ndani ya vichaka visivyokatwa. Hata ngoma za kifalme, zile zinazolindwa Gishora karibu na Gitega, ambazo ibada yake UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014, huchongwa kutoka kwenye mti unaoitwa umuvugangoma. Urithi wa ufalme huu, basi, ulikuwa miti, ng'ombe na mawindo. Kibira ulikuwa uwanja wa kuwindia wa mfalme na pia mahali pa kuogopwa, penye nguvu zisizochezewa. Hofu hiyo ililinda miti kuliko askari yeyote.

Mawindo ya wakubwa kuwaokoa wanyama ni jambo ambalo halikutokea Burundi peke yake. Ayalandi ilimpoteza mbwamwitu wake wa mwisho katika karne ya 18, na misitu yake ikafyekwa karibu yote. Lakini huko Killarney, kulungu wekundu wa asili waliponea kwenye ardhi ya matajiri, kuzunguka jumba la Muckross na ngome ya Ross. Mwaka 1932 shamba la Muckross lilikabidhiwa taifa, likawa mwanzo wa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humo. Mbuga ya bwana mmoja ikawa ya wote, na wanyama wakiwa bado wamo.

Kibira nao umepita njia inayofanana na hiyo, ila kwa misukosuko zaidi. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala zaidi ya nusu karne, alimzuia Rumaliza wa Ujiji katika miaka ya 1880, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na bunduki nyingi. Wajerumani hakuweza kuwazuia. Walijenga kituo chao Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, na Juni 1903 wakamlazimisha kukubali mkataba wa Kiganda na kutii utawala wao. Wabelgiji walipoutwaa mji huo mwaka 1916, mwami alibaki na cheo cha ufalme huku nguvu zikihama. Mwaka 1933 walitangaza msitu wa mgongo wa Kongo na Nile kuwa hifadhi, na mwaka 1980 jamhuri ikaanzisha hifadhi za taifa: Kibira, na pia Ruvubu upande wa mashariki, ambako nyati, kuro na viboko wanaishi hadi leo, na ambako wakulima walihamishwa ili kuwapisha. Wakulima hao nao wana haki ya kutajwa kila hifadhi inaposifiwa.

Tambarare ya Imbo, chini kando ya Ziwa Tanganyika, haikuwa na ulinzi kama ule wa Kibira. Wasafiri Stanley na Livingstone walifika mdomo wa Mto Rusizi Novemba 1871 na kuthibitisha kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Enzi hizo tembo na simba walikuwa sehemu ya bonde hilo. Wote wamekwisha. Simba amebaki kwenye nembo ya taifa.

Habari ya tembo ni chungu zaidi. Katika miaka ya 1980 Bujumbura iligeuka kuwa ghala la pembe za ndovu za Afrika nzima ya kati na mashariki. Burundi haikuwa mwanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo pembe za majangili kutoka nchi jirani zilifika hapa, zikapata karatasi, kisha zikasafirishwa Asia. Mwaka 1986 mkataba huo uliamua kuhalalisha akiba zilizokuwepo, kwa matumaini ya kuanza upya na hesabu safi. Za Burundi zilikuwa karibu tani 90, meno ya maelfu ya tembo. Waliokuwa wamezirundika wakatajirika zaidi, maana mali ya wizi ilikuwa sasa halali. Mwaka 1987, tembo wa porini aliyejulikana kuwa hai Burundi alikuwa mmoja. Serikali iliyoingia kwa mapinduzi ya Septemba mwaka huo ilipiga marufuku biashara hiyo, na mwaka 1988 nchi ikajiunga na CITES. Sioni aibu kubwa kuliko hii katika historia ya wanyama wa nchi yetu.

Sokwe nao walipitia mjini. Waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara na wafugaji wa majumbani walitunzwa Bujumbura na taasisi ya Jane Goodall. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, vita vikaenea, na sokwe hao wakahamishiwa Sweetwaters, karibu na Nanyuki nchini Kenya.

Kiboko hakuhama. Hukaa majini mchana kutwa, usiku hupanda nchi kavu kula nyasi, na Bujumbura imejengwa kwenye malisho yake. Asubuhi utaona ufukweni nyayo za vidole vinne katika mistari miwili, na katikati tuta jembamba la udongo ambalo miguu haikuligusa. Ziwa lilipofurika miaka ya karibuni, viboko waliingia hadi kwenye mitaa iliyozama, na watu wameuawa. Anayejenga ndani ya njia yao anahatarisha familia yake.

Kibira unakatwa: makaa, mianzi, mashamba, uchimbaji wa dhahabu. Wakati huohuo bwawa la Rwegura, lililoanza kazi mwaka 1986 na lenye uwezo wa megawati 18, linategemea maji ya msitu huo kuwasha taa zetu. Mwami hayupo, na walinzi wa serikali hawatoshi. Ndugu msomaji wa Buyenzi, Bwiza au Kinindo, unaponunua gunia la makaa, muulize muuzaji limetoka wapi. Akitaja Kibira, usilinunue. Na ukiletewa nyama ya porini, ikatae.