Kofia ya Ijumaa: Hivyo Vitobo Vina Historia ya Mabibi

Ijumaa mchana ukipita Mkomaindo pale Masasi, au ukipanda Newala, utakutana na wazee kwa vijana wanatoka msikitini na kofia nyeupe zenye vitobo. Nyingi ni za mashine. Ila ile ya mkono, ambayo hizo zote zinaiiga, ni kazi ya wanawake wa pwani na visiwani, na wengi wanaivaa bila hata kujua.

Vitobo vyenyewe vinaitwa viua. Vitambaa viwili vinawekwa pamoja, mchoro unachorwa, halafu kila kitobo kinatobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, taratibu, mpaka ukingo unakaza. Kofia moja ina mamia. Na siyo urembo tu, upepo unapita humo. Kazi nzuri inakula wiki na wiki, maana hakuna aliyekaa akashona tu: kuna jiko, kuna watoto, kuna maji ya kuchota.

Shule ilikuwa nyumbani. Bibi anashona, mjukuu anapewa kipande chake aanze na kiua kimoja. Kikienda kombo, fumua, rudia! Kwa mwanamke ambaye mila haikumwacha atoke ovyo, sindano ilileta hela ndani. Tatizo ni kwamba aliyekwenda sokoni ni mwingine, kaka au dalali, na bei halisi aliijua yeye. Mwenye macho yaliyochoka alipewa kilichobaki.

Sasa Oman. Zile kofia za rangi unazoziona vichwani mwa Waomani, kumma, ni ndugu wa damu na hizi. Karne ya 19 Sultani Said alihamishia makao yake Zanzibar, majahazi yakawa yanakwenda na kurudi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilihamia kule, wengine wakafuata Oman ilipofunguka baada ya 1970, na ushonaji ukaenda nao. Leo kumma ni vazi la taifa zima.

Huku kwetu mashine inamaliza kofia bibi akiwa bado anatunga uzi, na binti wa leo akipiga hesabu ya wiki zote zile kwa bei ya dalali, anaona bora auze vocha. Nani amlaumu?

Unataka kujua yako ni ipi? Igeuze. Ya mashine, ndani utaona nyuzi zinaninginia. Ya mkono ni safi nje ndani.