Miwa ya Lugazi, Kodi ya Pajulu

Wanafunzi hutuuliza kwa nini wazee wa Pajulu huitaja Lugazi mara nyingi kuliko Kampala. Jibu ni kodi. Baada ya West Nile kuingizwa Uganda mwaka 1914, serikali ilidai fedha taslimu mahali ambapo fedha hazikuwapo. Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Madhvani akafuata Kakira mwaka 1930. Walugbara wakapanda meli Pakwach hadi Butiaba, wakaenda kukata miwa. Tusisahau waliobaki: wake ndio waliolima mtama na wimbi, wakalisha watoto na kutuliza wadai. Daftari la mishahara lilimwandika mkataji wa miwa peke yake.