Ukumbusho juu ya Ukuta



Wengine wameandika humu habari za Misioni na majengo yake. Sisi twapenda kusema juu ya picha, kwa maana wengi wa wazee wetu hawakujua kusoma, walakini historia yao hawakuisahau. Makatekista twaifahamu nguvu hiyo: mtoto asiyejua herufi hata moja apita mbele ya vituo 14 vya Njia ya Msalaba, naye ashika habari yote.

Katika miaka ya 1970, kule Lubumbashi na Likasi, nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na picha ukutani. Wachoraji walitumia kitambaa cha magunia ya unga, wakaziuza kwa bei ndogo. Iliyopendwa sana ni ile ya «Colonie belge»: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi ampiga fimbo, mzungu asimama akitazama. Picha za namna hiyo watu waliziita ukumbusho. Ajabu kwamba mtu atundike maumivu ya baba yake fasi anapokaribishia wageni! Lakini mgeni akiuliza, hadithi inaanza.

Mmoja wao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa universite ya Lubumbashi, historia nzima ya inchi, picha 101, akizieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Kifo cha Lumumba, cha tarehe 17 Januari 1961, alikichora na misalaba mitatu kwa nyuma, akasema kwamba Lumumba ndiye Bwana Yezu wa Zaire.

Neno hilo ni zito. Imani yetu haituruhusu kumlinganisha mtu ye yote na Mkombozi, na Mkristu anayechukizwa nalo hatumlaumu. Lakini sisi twaona kwamba mchoraji hakutafuta wa kuabudiwa. Alitafuta alama ya mtu asiye na kosa aliyeuawa, alama ambayo kila mtu angeisoma bila mwalimu, akaiona Golgota.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilikatika. Fabian alitoa kitabu cha picha hizo mwaka 1996, nazo zenyewe zimekwenda Bulaya, katika jumba la makumbusho la Amsterdam lililoitwa zamani Tropenmuseum. Kwetu, kitambaa cha gunia hakishindani na mvua wala mchwa. Basi, mwenye picha ya zamani nyumbani asiitupe. Ailete kwa katekista wake, tuitundike katika sale ya parokia siku za Jubile, naye asimame kando yake aieleze.