Jinsi ya kuchagua keria ya gari kwa baiskeli ya triathloni

BAISKELI aina ya Black Mamba inaweza kufungwa juu ya paa la gari kwa mpira uliokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu, ikarushwarushwa na mashimo ya barabara kutwa nzima, na jioni ikashushwa ikiwa salama salimini. Fremu yake ni mabomba ya chuma yenye umbo la mviringo, na chuma kikipinda fundi hukinyoosha.

Baiskeli ya triathloni haivumilii masaibu hayo. Triathloni ni mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mfululizo bila mapumziko. Ulianza mjini San Diego, Marekani, mnamo 1974, na ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki jijini Sydney mwaka wa 2000. Katika mbio ndefu kama zile za Ironman, sehemu ya baiskeli pekee huwa ya kilomita 180, na washindani hawaruhusiwi kujikinga upepo nyuma ya wenzao. Ndiyo maana baiskeli zao huundwa kwa umbo la kuupasua upepo huo.

Umbo hilo ndilo linalozua tatizo la usafirishaji. Mabomba ya fremu ni bapa, membamba ukiyatazama kutoka mbele na mapana ukiyatazama kutoka ubavuni. Rimu za magurudumu zina kina cha milimita 60 au 80, na baadhi ya waendeshaji hutumia gurudumu la nyuma lililozibwa lote kama sahani, lisilo na spoku. Mbele ya usukani huchomoza vyuma viwili virefu vya kulaza mikono. Aina nyinginezo, mathalani Ventum One, hazina hata bomba la chini la fremu. Keria nyingi zinazouzwa madukani hazikubuniwa kwa vyombo vya namna hii.

Kanuni moja inayoongoza mengine

Fremu hizi aghalabu hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalum. Kaboni ina nguvu nyingi katika mielekeo iliyokusudiwa na mbunifu, yaani uzito wa mwendeshaji na msukumo wa pedali. Hata hivyo, kuta za mabomba yake ni nyembamba, na hazikuundwa kustahimili kubanwa kutoka ubavuni. Chuma kikibonyezwa huonyesha alama. Kaboni inaweza kupasuka ndani, nayo rangi ya juu ikabaki inang'aa kama mpya.

Hatari ya ufa huo haimo safarini, bali siku ya mashindano, wakati mwendeshaji anapoteremka mlima kwa kilomita 60 kwa saa huku viganja vyake vikiwa mbali na breki. Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa keria hana budi kuuliza swali moja kabla ya kuuliza bei: keria hii inaishika baiskeli wapi? Ikiwa inaishika kwenye matairi, ni salama. Ikiwa inaishika kwenye uma wa mbele, yafaa kwa masharti. Ikiwa inaibana fremu, haifai kwa baiskeli ya kaboni, hata muuzaji akiisifu vipi.

Keria za paani

Keria ya paani hufungwa juu ya vyuma viwili vinavyolikingama paa la gari. Zipo za namna tatu. Ya kwanza ina mkono unaolibana bomba la chini la fremu, hiyo iepukwe. Ya pili humtaka mwenye baiskeli aling'oe gurudumu la mbele na kuufunga uma kwenye kishikio. Hii huituliza baiskeli barabara, lakini gurudumu lililotolewa lahitaji mfuko wake ndani ya gari. Aidha, baiskeli zenye breki za diski huwa na ekseli nene ya milimita 12 inayopenya kwenye uma, ilhali vishikio vya zamani viliundwa kwa ekseli nyembamba. Uliza kama kuna kiunganishi kinachofaa, na usome kijitabu cha baiskeli, kwani baadhi ya watengenezaji hukataza uma wao kufungwa hivyo.

Ya tatu hulishika gurudumu la mbele kwa mkono unaolikandamiza tairi, huku gurudumu la nyuma likifungwa kwa mkanda. Hapa fremu haiguswi hata kidogo, na kwa wengi ndiyo bora. Hata hivyo, pima urefu wa mkanda, kwa maana mkanda wa kawaida huenda usiizunguke rimu ya milimita 80. Nalo gurudumu la sahani halina nafasi ya kupitishia mkanda. Dawa yake ni kusafiri na gurudumu la mazoezi, lile la mashindano likilazwa ndani ya gari.

Kabla ya kununua, angalia katika kijitabu cha gari uzani ambao paa linaruhusiwa kubeba likiwa mwendoni. Katika hesabu hiyo, jumlisha uzani wa keria yenyewe, si wa baiskeli pekee.

Keria za paani zina adui mmoja asiyesahau: kimo. Baiskeli huongeza takriban mita moja juu ya gari. Dereva aliyesafiri kilomita 480 kutoka Nairobi hadi Mombasa bila tatizo anaweza kuivunja baiskeli, keria na paa kwa sekunde moja tu langoni pa maegesho ya chini ya jengo. Andika kimo cha gari likiwa limepakia kwenye karatasi, uibandike karibu na usukani.

Keria za nyuma

Keria ya mikanda, inayoning'inizwa kwenye mlango wa buti, ndiyo ya bei nafuu na ndiyo isiyofaa zaidi. Baiskeli hutundikwa kwa bomba la juu la fremu, ambalo katika baiskeli ya triathloni huwa pana au limeinama. Pia, gurudumu linaweza kukaa karibu na bomba la ekzosi, na joto la moshi likaharibu tairi na rimu ya kaboni. Isitoshe, mikanda hulegea kila gari linaporuka tuta.

Afadhali keria inayofungwa kwenye kiungo cha kuvutia trela. Hata hapa kuna mbili. Ya kutundika ina kasoro ile ile ya kushika fremu. Ya jukwaa huzisimamisha baiskeli kwa matairi yake kwenye mifereji, na mkono wa chuma hulikandamiza tairi la mbele. Chagua ile ambayo mkono wake hautegemei fremu, kwa kuwa baadhi ya keria za jukwaa bado huwa na kibano cha bomba. Faida yake ni kwamba baiskeli hupakiwa bila kunyanyuliwa juu ya kichwa, na hakuna wasiwasi wa kimo.

Ukibeba baiskeli mbili, zielekeze pande tofauti ili vyuma vya usukani wa moja visigonge kiti cha nyingine, na iliyo nzito ikae karibu na gari. Hakikisha pia kwamba nambari ya usajili na taa za nyuma hazifichwi. Kumbuka kuwa kitu kilichotokeza nyuma ya ekseli hurushwa kwa nguvu zaidi gari linapopita tuta. Basi punguza mwendo kuliko ulivyozoea.

Magari mengi madogo hayana kiungo cha trela. Kukiongeza ni kazi ya fundi anayeujua uzani ambao fremu ya gari inaweza kuhimili, wala si kazi ya kuchomelea ovyo kando ya barabara.

Iwapo keria haihitajiki

Wenye magari marefu ya viti vya kulazwa, kama vile Toyota Probox au Fielder, wana jibu lisilogharimu chochote. Ng'oa magurudumu yote mawili, tandika blanketi, kisha laza baiskeli upande wa gia na mnyororo ukiwa juu. Funika fremu kwa leso, na usipange mizigo juu yake. Ikiwa breki ni za diski za mafuta, chomeka kipande cha plastiki kati ya pedi zake, kwa maana mtu akizibana gurudumu likiwa limetolewa, pedi hufungana na huenda gurudumu likakataa kurudi. Ndani ya gari baiskeli haipati mvua, vumbi wala macho ya wezi.

Kabla ya kung'oa nanga

Chochote utakachochagua, ondoa chupa za maji, kompyuta ndogo ya usukani na visanduku vya chakula, kwani upepo wa barabara kuu huvipeperusha. Usiivishe baiskeli iliyo paani turubai. Hujaa upepo kama tanga na kuikwaruza rangi. Simama baada ya kilomita 20 za kwanza, ukaze mikanda na vishikio upya. Mvua inayopiga kwa mwendo wa gari hupenya kwenye beringi. Hivyo basi, kausha baiskeli na upake mnyororo mafuta mara ufikapo. Usiku usiiache nje, hata kama keria ina kufuli.

Ikiwa baiskeli imegongwa au keria imeteleza njiani, gongagonga fremu taratibu kwa sarafu ukisikiliza. Palipo pazima hutoa mlio mkali, na palipopasuka aghalabu hutoa mlio mzito wa kufifia. Ukiusikia mlio huo, usiipande baiskeli hadi mtaalamu wa kaboni aitazame.

Kwa muhtasari, mwenye gari refu apakie ndani. Mwenye kiungo cha trela atumie keria ya jukwaa inayoshika matairi. Mwenye gari dogo atumie ya paani inayoshika tairi, huku akikumbuka kimo. Ya mikanda aachiwe mwenye baiskeli ya chuma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa kaboni huenda usiuone ili uuzibe. Heri kuchagua keria isiyousababisha.