Fangasi wanavyowanyemelea waliopandikizwa viungo

Aliyepandikizwa figo, ini, moyo au pafu hulazimika kumeza dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili ili kiungo kipya kisikataliwe. Dawa hizo hizo ndizo zinazowafungulia mlango fangasi, ambao mtu mwenye afya huishi nao bila kudhurika.

Utafiti uliofanyika Marekani kati ya 2001 na 2006 ulibaini kuwa zaidi ya nusu ya maambukizi makali ya fangasi kwa wagonjwa hao yalitokana na kandida, wanaoishi mdomoni na tumboni. Walifuatiwa na aspajilasi, ambao mbegu zao huelea hewani na huwaandama zaidi waliopandikizwa mapafu. Kriptokokasi, wapatikanao katika kinyesi cha njiwa, huweza kufika hadi ubongoni.

Ugumu mkubwa uko katika tiba. Flukonazoli, dawa ya fangasi iliyozoeleka, hupandisha kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, katika damu. Takrolimasi ikizidi huumiza figo, pengine ile ile iliyopandikizwa. Hivyo daktari hupunguza dozi yake na kupima damu mara kwa mara. Flukonazoli ikisitishwa, dozi hiyo hupandishwa tena, vinginevyo mwili waweza kukikataa kiungo.