Somo la Historia: Vijana Wauza Magazeti wa New York

Shikeni kalamu na daftari, maana historia yetu ya leo ina hesabu ndani yake. Tutawasimulia habari za vijana wa New York, Marekani, waliojitafutia fedha zao wenyewe kwa kuuza magazeti njiani.

Vijana hawa hawakuwa na mshahara. Kila siku walinunua magazeti kwa fedha zao, wakayauza moja moja kwa senti 1. Wengine walikuwa yatima waliolala nje. Wengine waliwapelekea wazazi wao walichopata. Gazeti lisilouzwa halikurudishwa. Hasara ilikuwa yao, kwani gazeti la jana halina mnunuzi.

Zamani walipewa magazeti 100 kwa senti 50. Mwaka 1898 Marekani ilipigana vita na Hispania, na watu wakawa na hamu kubwa ya habari. Wenye magazeti wakapandisha bei hadi senti 60. Vijana walistahimili, maana waliuza mengi. Vita vilipokwisha wanunuzi wakapungua. Magazeti mengine yalirudisha bei ya zamani, lakini mawili makubwa yalikataa: World, mali ya Joseph Pulitzer, na Journal, mali ya William Randolph Hearst.

Sasa andikeni. Kijana amenunua magazeti 100 kwa senti 60. Akiuza yote, faida yake ni senti 40. Akiuza 70, faida ni senti 10 tu. Je, akiuza 50? Amepoteza senti 10, na kutwa nzima amesimama juani bure.

Basi mwezi wa Julai 1899 vijana wakagoma. Hawakuyauza magazeti hayo mawili, na waliojaribu kuyauza walinyang'anywa na kupigwa, jambo ambalo halikuwa jema. Maelfu yao wakafanya mkutano mkubwa. Mmoja wa viongozi wao alijulikana kwa jina la Kid Blink, kijana mwenye jicho moja. Gazeti la World lilishuka toka nakala kama 360,000 kwa siku hadi kama 125,000.

Mgomo ulikwisha siku ya 2 Agosti kwa mapatano. Bei ilibaki senti 60, lakini wenye magazeti walikubali kuyanunua tena yasiyouzwa.

Je, vijana walishinda au walishindwa? Tazameni daftari zenu. Kijana akiuza 70 na kurudisha 30, amelipia 70 tu, yaani senti 42. Faida yake ni senti 28. Kwa bei ya zamani, bila kurudisha, angepata senti 20. Siku mbaya ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza, na sasa siku mbaya haikuwatisha tena.

Nawe msikilizaji, mwanao akitaka kuanza biashara ndogo, ya karanga au ya mayai, usimwulize bei peke yake. Mwulize pia: kisichouzwa ni hasara ya nani? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya nyumbani:
1. Kwa nini vijana hawakugoma wakati wa vita?
2. Kijana akiuza magazeti 90, ni mpango upi ungempa faida zaidi, wa zamani au wa mapatano?

Kwaherini mpaka somo lijalo.